Sifuri Kwenye Mstari wa Maji ya Moto

Ofisini walimwita Bi Lita, na jina hilo halikumkera. Alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, pale alipomwuliza mteja mmoja, mbele ya watu wazima wenye tai zao, yeye anapooga hutumia lita ngapi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, lakini mwenyewe alikuwa anauliza kwa dhati. Kazi yake ilikuwa kukadiria jengo litakula nishati kiasi gani kabla hata halijajengwa. Alitengeneza modeli kwenye kompyuta: taa, feni, viyoyozi, na jambo moja lililowachosha wenzake wote na kumfurahisha yeye peke yake, yaani maji ya moto. Taa utazihesabu kwenye mchoro. Maji ya moto huwezi kuyahesabu bila kuwajua watu: ni wangapi, wanaamka saa ngapi, nani anaoga kwa ndoo na nani anasimama chini ya bafu mpaka vidole vinakunjamana.

Jumatatu moja asubuhi, bosi wake, ambaye wote walimwita Mkuu, alimwekea barua mezani bila hata salamu, akasimama kumsubiri aisome.

Barua ilitoka kwa mkurugenzi wa makao ya wazee, jengo la ghorofa mbili lenye wakazi arobaini na wanane. Bi Lita ndiye aliyelitengenezea modeli miaka mitatu nyuma. Modeli ilikadiria kwamba boila ya umeme ya maji ya moto ingekula uniti mia moja ishirini na tatu kwa siku. Jengo lilipokamilisha mwaka mmoja, mita ilisema mia mbili sabini na nne.

Hilo alikuwa akilijua. Wiki mbili kabla, mkurugenzi aliuliza kwa nini matumizi yamezidi namna ile, na Mkuu, aliyekuwa mbioni kwenda mkutanoni, alimwambia Bi Lita ajibu upesi mambo yaishe. Akajibu mistari miwili: modeli imekaguliwa, ziada inatokana na mwenendo wa watumiaji. Akatia sahihi. Hakuwa ameikagua modeli. Alikuwa na majengo mengine matatu mkononi, na alikuwa na hakika na kazi yake.

Sasa barua mpya ilimshukuru kwa mwongozo wake. Uongozi umefanya uchunguzi, iliendelea, na mhusika amepatikana. Ni mfuaji nguo wa makao, anayedaiwa kuingiza nguo za watu wa nje na kuzifua kwa maji ya moto ya wazee. Amesimamishwa kazi. Ijumaa bodi itakaa kumfukuza rasmi, na mhandisi anaombwa kufika ili athibitishe kwa takwimu.

Bi Lita aliisoma mara mbili. Kisha akavuta kikokotoo, akapiga hesabu palepale, Mkuu akimtazama. Ziada ilikuwa uniti mia moja hamsini na moja kwa siku. Ukiigeuza kuwa maji yaliyopashwa kutoka nyuzi ishirini hadi sitini, unapata lita zaidi ya elfu tatu na mia mbili. Mashine ya kufulia hunywa lita sitini za maji ya moto kwa mzunguko mmoja, na mzunguko ni saa nzima. Ili mtu mmoja aibe kiasi hicho kwa mashine moja, ingebidi afue mara hamsini na zaidi kwa siku.

"Siku yenyewe ina saa ishirini na nne," alisema.

Mkuu alivuta pumzi. Alimwambia kwamba kazi yao si kumtetea mfuaji. Waliulizwa, wakajibu, mwenye nyumba akaamua yake. Lakini Bi Lita alimkazia macho mpaka akalegea, akamruhusu aende kupima Jumatano. Sharti likawa moja: asiandike neno lolote mpaka yeye alione kwanza.

Siku ile hakufanya kazi nyingine. Shaka ilikuwa imemwingia, na haikumwingia kuhusu mfuaji tu. Modeli ilisema kila mzee hutumia lita arobaini na tano za maji ya moto kwa siku, namba aliyoitoa kwenye jedwali la kitabu. Je, kama jedwali linadanganya?

Jumanne jioni aligeuza nyumba yake kuwa maabara. Aliweka ndoo yenye alama za lita chini ya bafu, akashika saa, akapima maji yanatoka kwa kasi gani. Kisha akakaa kwenye stuli koridoni na kuandika kila aliyeingia na dakika alizokaa. Mume wake alitumia lita thelathini na nne, akatoka akijisifu kana kwamba ameshinda kikombe. Binti mkubwa alitumia themanini na moja, na alipogongewa mlango alijibu kwamba bado anasuuza nywele. Mama mkwe alipoona stuli ile alisimama na taulo lake begani.

"Mwanangu, sasa umefikia kunihesabia maji ya kuoga?"

"Si wewe, mama. Nawahesabia wote."

"Haya. Andika ndoo moja, na iandike vizuri, nisije nikaitwa polisi."

Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini neno lile la polisi lilimkumbusha mfuaji. Alijumlisha na maji ya kuoshea vyombo jikoni, akagawanya kwa watu watano. Wastani ulikuja lita arobaini na tatu. Jedwali halikuwa mbali. Watu hawakuwa wamezidisha. Basi uniti zile mia na hamsini zilikuwa zinakwenda wapi?

Jumatano saa nne asubuhi alifika kwenye makao akiwa na mkoba wa vipimo. Aliyempokea ni muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyeitwa Sista na kila mtu, na alimpokea shingo upande. Alimwambia waziwazi kwamba mfuaji wao ni mtu wa watu, kwamba wazee wanamwita Povu na humtania kutwa nzima, na kwamba tangu aondolewe mashuka yanarudi na madoa. Mkurugenzi alikuwa safarini, angerudi kesho yake. Povu mwenyewe yuko chumba cha kufulia, alisema. Ameitwa kukabidhi funguo.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni. Alikuwa akifuta mashine kwa kitambaa kikavu, taratibu, kana kwamba kesho atairudia. Bi Lita alijitambulisha kwa kazi yake. Povu akaacha kufuta.

"Wewe ndiye uliyeandika barua?"

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

Hakumtukana. Alifungua kabati, akatoa daftari kubwa la jalada gumu, akamwekea juu ya mashine. Kila siku ya mwaka mzima ilikuwemo: mizigo mingapi, kilo ngapi, maji ya moto au ya baridi. Alisema hakuna aliyemwagiza kuandika. Alianza kwa sababu mashine iliyotangulia iliharibika akasingiziwa kuijaza kupita kiasi. Mkurugenzi alionyeshwa daftari, akasema mwizi hawezi kujiandikia ushahidi wa wizi wake.

Bi Lita alipitisha kidole kwenye kurasa. Mizigo sita kwa siku, wakati mwingine saba. Lita mia nne hivi. Ndicho kiasi kilekile alichokiweka kwenye modeli. Uso ulimwaka kwa aibu. Mtu huyu alikuwa amepima kazi yake kila siku kwa mwaka mzima, na yeye, mhandisi, alikuwa ameandika mistari miwili akiwa amekaa kitini.

Akaomba kupelekwa chumba cha mitambo. Fundi wa boila alikuwa kijana mpole asiyependa kubishana. Bi Lita aliweka kipimajoto kwenye ubavu wa tangi la lita elfu mbili, akasubiri, akatazama. Akakifuta, akakiweka tena.

"Hili tangi liko nyuzi arobaini na nne," alisema. "Nani kalishusha?"

Fundi alijibu kwamba amri ilitoka kwa mkurugenzi siku kumi zilizopita. Barua ya wahandisi ilisema matumizi yamezidi, akaagizwa ashushe moto kutoka sitini hadi arobaini na tano mpaka hesabu zikae sawa.

Bi Lita alijua jambo ambalo fundi hakulijua na mkurugenzi hakuliuliza. Maji yakikaa uvuguvugu ndani ya tangi, kuna bakteria huota humo, na bakteria hao hawamdhuru anayeyanywa kama wanavyomdhuru anayeyavuta puani kama mvuke akiwa bafuni. Huingia mapafuni. Kijana atakohoa akapona. Mzee anaweza asipone. Ndiyo maana tangi huwekwa nyuzi sitini.

Alimgeukia Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwuliza kama kuna mkazi yeyote mwenye homa na kifua.

Sista alitazama nyuma yake, koridoni. "Bibi wa chumba cha kumi na moja. Leo siku ya nne. Tulidhani ni mafua."

Bi Lita akawaeleza habari za bakteria, na hapo mambo yakabadilika mwendo. Sista aliondoka karibu anakimbia kwenda kuita gari la kumpeleka bibi hospitali, na Bi Lita alimfuata koridoni akimsisitizia amweleze daktari kwamba maji ya kuoga yamekaa uvuguvugu siku kumi. Kisha akampigia mkurugenzi. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Fundi alikuwa amesimama kando ya kidhibiti joto, mikono nyuma, akisema yeye hana mamlaka ya kukigusa. Akikigusa atafuata njia ya Povu.

Bi Lita aliwaza kidogo tu. Kukipandisha ghafla nako kuna hatari yake, maana maji ya nyuzi sitini yakimwagika kwenye ngozi ya mzee yanaunguza. Kila bafu lilikuwa na vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi, lakini nani alizikagua mara ya mwisho? Fundi alikiri hakuna. Wakazunguka wote wawili, bafu kwa bafu, ghorofa zote mbili, kipimajoto mkononi. Vali mbili zilikuwa zimekwama. Walifunga mabafu hayo mawili kwa utepe, na mhudumu akaambiwa mtu asiingie.

Kisha alichukua daftari la boila, akaandika kwa herufi kubwa: Nimeagiza joto lirudishwe nyuzi sitini leo saa sita mchana. Lawama yoyote ni yangu. Akatia sahihi na namba yake ya uhandisi. Fundi aliyasoma yale maneno, akayasoma tena, ndipo akakizungusha kidhibiti. Boila ikanguruma.

Sasa ilibaki kazi iliyomleta. Alisubiri tangi lipate moto, na wakati huo akapanda ghorofani. Wazee kadhaa walikuwa wameketi koridoni kwenye viti vyao, na feni za ukutani zilikuwa zikizunguka kwa nguvu zote ingawa siku yenyewe haikuwa na joto. Alimwuliza mhudumu kwa nini. Mhudumu alisema koridoni huwa hivyo mwaka mzima, joto linashuka kutoka juu, wao wamezoea.

Bi Lita aliomba ngazi. Alisukuma ubao mmoja wa dari, akaingiza kichwa na tochi. Hewa ya huko juu ilimpiga usoni kama ya tanuri la mkate. Bomba la shaba lilipita mbele ya macho yake, likaenda mpaka mwisho wa koridoni, na pembeni yake jingine la marejeo, linalorudisha maji kwenye tangi. Yalikuwa uchi. Mchoro ulisema yavishwe sponji nyeusi ya kuhifadhi joto kuanzia yanapotoka kwenye tangi hadi yanaporudi. Mkandarasi alikuwa ameyavisha pale tu yanapoonekana, ndani ya chumba cha mitambo, na baada ya hapo akafunga dari.

Alianza kuelewa, lakini alitaka mita iseme yenyewe. Saa nane na nusu wazee walilala mapumziko yao ya mchana. Sista, aliyerudi kutoka kumsindikiza bibi, alikubali kwamba kwa saa nzima hakuna koki ya maji ya moto itakayofunguliwa. Povu alikuwa bado hajaondoka, na alisimama mwenyewe mlangoni pa chumba cha kufulia kama askari. Bi Lita alikaa mbele ya mita na kuandika namba. Maji hayakutumika hata kikombe. Pampu iliendelea kuyazungusha kama ilivyofanya usiku na mchana, ili anayefungua koki mwisho wa jengo asisubiri. Saa tisa na nusu alisoma tena. Uniti sita na nusu zilikuwa zimeliwa na hewa ya dari.

Sita na nusu mara ishirini na nne. Mia moja hamsini na sita, ukiweka na jasho la tangi lenyewe. Ziada yote ilikuwa pale.

Angepaswa kufurahi. Badala yake alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kupigia pasi, akaitafuta modeli ya miaka mitatu, kwa sababu swali lilikuwa limemjia akiwa bado juu ya ngazi: mbona modeli haikuwa na joto la mabomba hata kidogo? Hata bomba lililovishwa vizuri hupoteza kiasi. Aliteremka mstari kwa mstari. Wakazi, arobaini na wanane. Lita kwa mkazi, arobaini na tano. Maji ya kufulia, mia nne. Joto la tangi, sitini. Halafu mstari wa kumi na tisa: upotevu wa joto kwenye mabomba ya mzunguko. Sifuri.

Alikumbuka. Siku ile michoro ya mabomba ilikuwa haijafika, akaweka sifuri ili programu ikubali kuendelea, akijiahidi kurudi. Matokeo yalipotoka mazuri, jengo likapata kibali cha matumizi ya nishati, Mkuu akampongeza mbele ya wote. Hakurudi.

"Umepata?" aliuliza Povu kutoka mlangoni.

"Nimepata kitu," alisema, na hakuweza kumtazama.

Alhamisi aliyapanga yote mbele ya Mkuu, mlango ukiwa umefungwa. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Mkuu alikuwa mtulivu kupita alivyotegemea. Alisema jambo ni jepesi: mkandarasi hakuvisha mabomba, ushahidi upo wa picha, mfuaji hana kosa, kila mtu arudi kwake. Huo ni ukweli mtupu na hakuna atakayeupinga.

"Na sifuri yangu?"

"Sifuri yako inaweza kufa humu humu ndani. Hakuna aliyeiuliza."

Bi Lita alimwambia kwamba lau mabomba yangevishwa kama mchoro ulivyotaka, yangepoteza uniti thelathini na tano kwa siku hata hivyo, na modeli ingepaswa kusema mia moja hamsini na nane tangu mwanzo. Mkuu akamwuliza kama anadhani jengo lingepata kibali kwa namba hiyo. Alijua. Lisingepata mpaka liongezwe paneli za jua. Mkuu akamkumbusha kitu kingine, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwonea huruma: faili ile ya modeli ilinakiliwa kutumika kwenye majengo mengine manne. Akifungua mdomo kesho, atakuwa amefungua ya majengo matano.

Hakupata usingizi wa maana, na mume wake alipomwuliza kulikoni alisema tumbo tu.

Ijumaa bodi ilikaa kwenye chumba cha kulia cha wazee, meza nne zikiwa zimeunganishwa. Walikuwa wajumbe watano na mwenyekiti mwanamke mwenye miwani ya kamba shingoni. Mkurugenzi alikuwa kulia kwake, Mkuu na Bi Lita upande wa pili. Povu aliwekewa kiti peke yake karibu na mlango, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi likasimama kama ubao. Mkurugenzi alianza kwa ukali. Mhandisi, alisema, ameingia kwenye jengo lake bila idhini na kugeuza mitambo yake. Sista, aliyekuwa amesimama nyuma, alijibu kabla hajaulizwa kwamba bibi wa chumba cha kumi na moja amelazwa na nimonia, na daktari ameshachukua maji ya mabafuni kwenda kupima.

Mkuu aliinuka kuwahi. Alieleza habari za mabomba yasiyovishwa, akapitisha picha, akamtaja mkandarasi mara nne. Alizungumza vizuri. Wajumbe walianza kuitikia kwa vichwa, na mkurugenzi akaonekana kupata pa kuegemea: kumbe mkosaji ni mtu wa nje. Mwenyekiti akasema basi nadhani tumeelewa, akaanza kukusanya karatasi.

Bi Lita alijua akinyamaza kwa sekunde tano zaidi imekwisha, na hakuna atakayemlaumu milele. Akasimama. Goti lake liligonga meza, glasi ikayumba.

"Mwenyekiti, hesabu haijakamilika," alisema. "Ziada ni uniti mia moja hamsini na moja. Mia moja na kumi na sita ni za mkandarasi. Thelathini na tano ni zangu. Niliacha sifuri mahali palipotakiwa kuwa na namba. Za huyu bwana aliyekaa mlangoni hakuna hata moja."

Mkuu alitazama meza. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akamwuliza kama yeye ndiye aliyesaini barua ile ya kwanza iliyolaumu watumiaji.

"Ndiyo. Ilisema nimekagua. Sikukagua. Nilikuwa ofisini."

"Na kwa barua hiyo moto ukashushwa."

"Ndiyo."

Huko jikoni kuna mtu aliangusha kijiko. Kisha Povu alisimama, mikono ikiwa imenyooka kando ya mwili.

"Kwa hiyo mimi si mwizi."

"Hapana," alisema mwenyekiti. "Si mwizi."

"Naomba iandikwe."

Ikaandikwa, na ikasomwa kwa sauti mbele yake. Mkurugenzi alimpa mkono, akautoa haraka. Bi Lita alimfuata Povu nje, akamwomba radhi pale kwenye ngazi za mlango, bila maneno mengi. Povu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na Bi Lita hakumshinikiza. Aliondoka kuelekea chumba cha kufulia akikunja mikono ya lile shati.

Majibu ya maji yalikuja wiki iliyofuata. Bakteria walipatikana kwenye koki mbili za mwisho wa jengo, wachache, lakini walikuwepo. Mabomba yote yalisafishwa kwa maji ya moto mkali siku mbili mfululizo, wazee wakiogea ndoo, na daktari hakuweza kusema kwa hakika kama nimonia ya bibi ilitokana na maji au la. Bibi alirudi baada ya siku kumi na saba. Alikuwa amekonda, na kwa mwezi mzima alitembea akishika ukuta. Bi Lita alikwenda kumwona. Hakujua aseme nini, akaishia kumsikiliza bibi akilalamikia godoro la hospitali saa nzima.

Ofisini Mkuu hakumsemesha kwa siku tisa. Wenzake walipita mezani kwake kwa adabu ya msibani. Alitegemea barua ya kuachishwa kazi kila asubuhi, na kila asubuhi alifika mapema, akafungua modeli moja kati ya zile nne, akaukuta mstari wa kumi na tisa ukiwa na sifuri yake, akaanza kuhesabu upya. Mbili zilikuwa za majengo ambayo hayajajengwa. Hizo zilirekebishwa kwenye karatasi, na wasanifu wakalalamika wakachora upya. La tatu lilikuwa linapauliwa. La nne, bweni la wauguzi wanafunzi, lilikuwa limehamiwa tangu mwanzo wa mwaka.

Siku ya kumi Mkuu alisimama mbele ya meza yake, koti mkononi.

"Hilo bweni," alisema. "Twende."

Walikwenda pamoja. Mlinzi aliwaletea ngazi, na Mkuu, ambaye Bi Lita hakuwahi kumwona akipanda kitu chochote zaidi ya ngazi za ofisi, alivua koti akapanda mwenyewe. Alisukuma ubao wa dari, akachungulia na tochi. Alikaa huko juu muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huko.

"Yamevishwa," alisema. "Yote. Kazi safi kabisa."

Bi Lita alielewa maana yake mara moja. Hapa hapakuwa na mkandarasi wa kugawana naye. Kosa lote lilikuwa kwenye kompyuta, na namba iliyotundikwa kwenye cheti cha nishati pale mapokezini ilikuwa ya uongo kwa sababu yao peke yao. Mkuu alishuka akiwa na vumbi kwenye nyusi. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akamwuliza mlinzi ofisi ya msimamizi iko wapi.

Ilikuwa mwisho wa koridoni, kushoto. Mkuu alitangulia hatua mbili, kisha akasimama akamngoja Bi Lita amfikie, na walipofika mlangoni yeye ndiye aliyebisha hodi.